Upande Alioutetea Binti Yetu

Dada yangu kipenzi,

Ndoa tamu, dada! Mume wangu ananiita ua lake hata nikinuka vitunguu. Lakini leo nimepigwa na butwaa.

Unamkumbuka binti yake, yule anayeniita anti? Shuleni walitakiwa kuchagua klabu ya baada ya masomo. Baba mtu alitaka kwaya. Nikamwambia, "Na kichwa kile? Aingie mdahalo, ubongo uchemke!"

Leo tukaalikwa kusikiliza. Mada: mama wa kambo hawezi kuwa mama. Mtoto akasimama kuitetea, macho makavu, hoja juu ya hoja, ukumbi mzima ukampigia makofi. Dada, nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu alinishika mkono, wala sikuhisi.

Tulipotoka nikajikaza. "Hongera, umeshinda."

Akanikodolea macho. "Sasa mbona unalia? Mwalimu anatutaka tutetee upande tusiouamini, ndio mgumu. Twende nyumbani, mama, nina njaa."

Dada, umesikia alivyoniita? Nimempakulia chakula huku mwiko unanidondoka.

Mdogo wako,
mama mtu