Kipande cha Figo ya Githae

Ngoingwa, Thika

Mwari wa maitu, dada yangu Wangeci,

Pokea salamu zangu. Natumaini goti limepoa, na kwamba mvua ya Ruiru imewaachia njia. Mimi moyo umechoka na daktari hanifichi. Kwa hiyo nianze na nililokuficha miaka tisa: ripoti ya figo ya marehemu mumeo, Githae, haikuwa kweli, na niliiandika mimi.

Nimejaribu kuirekebisha kimyakimya, nimeshindwa. Mwanao Kagwe amevimba miguu, na mkojo wake una povu kama wa baba yake. Nimempigia daktari wake mara tatu nikimwomba atafute amiloidi, ile protini mbovu inayoganda ndani ya viungo, maana kuna aina inayorithiwa. Kila mara hunijibu kwamba ripoti ya baba ilikuwa safi. Ripoti yangu! Jana msichana wa mapokezi aliniambia guka, kama vile mimi ni babu yake, hebu kunywa chai upumzike. Nilikaribia kuitupa simu.

Maabarani nilisifika kwa kukata vipande vyembamba vya nyama ya wagonjwa ya kupimwa. Mwenzangu Barasa alinitania kwamba mtu angeweza kusoma Biblia kupitia vipande vyangu. Lakini rangi ya Kongo redi hutaka kipande kinene. Kikiwa chembamba mno, amiloidi huenda isionyeshe ule ukijani wa tufaha bichi chini ya hadubini yenye vichujio vya mwanga. Barasa alinionya, nikamwambia sikuanza kazi jana. Nikakata cha Githae chembamba, sikuona kijani, nikaandika hakuna. Daktari wa maabara, aliyekuja Jumatano tu, akasaini.

Hadi hapo ungeniita mzee mwenye kiburi, ukanisamehe.

Mpe Kagwe barua hii aiweke mezani kwa daktari, na asiondoke mpaka isomwe. Nisalimie binti yako Tabby na wanawe. Sikuombi uje kuniona.

Siku nane baada ya ripoti ile, Barasa alikata kipande kinene cha figo ileile bila kuniambia, akakiweka kwenye hadubini, akaniita. Kiling'aa kijani kila upande. Nilimsihi anyamaze, kwa kuwa nilikuwa nastaafu mwezi ule na kadi za sherehe zilikuwa zimeshatolewa. Githae alikuwa bado hai wodini. Kila jioni aliniuliza kama kuna jipya, nami nilimwambia hakuna.

Ndugu yako,
Chege