Aliyekuja kwa Miguu Yake

Uvira, mtaa wa Songo

Kwako Mama yangu, huko Kasongo,

Nakusalimu hata kabla hujaweka ungo chini, maana najua dada Febronia anakusomea haya huku wewe unachambua mchele. Mwambie asome polepole, na ungo uuache kwanza. Mimi mzima, homa ya mwezi uliopita imekwisha. Afya yako ndiyo inayonisumbua, na nitakueleza kwa nini.

Unapenda kuwaambia majirani kwamba mwanao ni daktari. Mama, mimi ni mwuguzi tu, nakaa mlangoni naandika kadi za wagonjwa. Kazini kwetu kuna desturi moja: anayeletwa amebebwa anapita mbele, aliyekuja kwa miguu yake anangoja kwenye benchi. Nilidhani ni haki. Asubuhi moja wavuvi walimleta mwenzao mbio, ameshika kifua, anagumia. Daktari Mzungu akasema moyo umekosa damu, akamlaza pale pale. Leo mtu huyo anashona nyavu zake na kutania watu.

Asubuhi ileile alifika mama mmoja wa Bwegera, mkulima wa mpunga, umri kama wako. Alishuka kwenye lori mwenyewe, akatusalimu wote, akaniulizia watoto ingawa sina. Alikuwa anatoka jasho, na mkono alionipa ulikuwa wa baridi. Nikamwuliza anaumwa nini.

"Minye niko sawa, muganga. Ni taya tu njo inachoka, na mugongo. Weye tumika kwanza, nitangoja."

Nikaandika "uchovu" kwenye kadi yake, nikaendelea na kazi kama alivyoniambia. Akakaa mwisho wa benchi, chini ya dirisha. Nilipoita jina lake hakuitika. Alikuwa amekaa wima, macho wazi, kama anayesikiliza mtu nyuma ya ukuta. Daktari alipoupasua mwili wake alinionyesha ugonjwa uleule wa mvuvi. Alisema wanaume ndio wanaoupata zaidi, lakini wanawake wanaoupata hutufia upesi, kwa sababu wao wanachelewa kuja na sisi tunachelewa kuwatambua. Aliyechelewa siku ile ni mimi, Mama, na kalamu yangu.

Tangu hapo hakuna anayekaa pale. Hakuna aliyekataza; wanawake wenyewe hubanana na kuacha nafasi ya mtu mmoja. Kwenye ubao wa benchi ilibaki alama ya kiganja chake chenye jasho. Nimeisugua kwa sabuni mara nne, bado naiona.

Wiki ya tatu akaingia mwanamke muuza samaki wa mtaa wa Kimanga, asiyejua lolote la habari hiyo. Akawapita wote, akaketi pale pale, akaweka kiganja juu ya alama ile. Akaniambia taya inachoka, na mgongo, ila angengoja. Maneno yaleyale, Mama, na hawakujuana kabisa. Nilimbeba mwenyewe hadi ndani, wenzangu wakinicheka. Aliishi siku mbili tu, akafa.

Jana nikapata barua yako. Febronia ameandika kwamba hujambo, ila taya inachoka, na mgongo, na kwamba utangoja mavuno yaishe. Nilimwambia mgonjwa aliyefuata angoje, nikaisoma tena. Kisha nikatazama chini ya karatasi, pale unapobonyeza dole gumba lenye mawese badala ya sahihi. Siku zote hukaa sawasawa, hata kovu la kisu naliona. Safari hii limeteleza, na karatasi pembeni yake imejikunja kama iliyolowa jasho.

Ninaogopa, Mama. Barua hiyo ilikaa njiani wiki tatu, na hii nayo itakawia.

Febronia, ukifika hapa acha kusoma. Mwite mjomba fundi cherehani na wanawe, wambebe Mama kwa machela hadi hospitali, hata akikataa, hata akicheka. Asitembee. Na mlangoni msiseme amechoka. Semeni ni moyo.

Wasalimieni shangazi anayepiga kengele ya kanisa, na bibi mfinyanzi, ambaye bado nina chungu chake.

Mama, usinijibu kwa maneno. Bonyeza dole gumba lako tu kwenye karatasi tupu, uniletee. Nitalijua.

Mwanao wa mlangoni,
Anselmi