Shamba Namba Arobaini na Moja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeketi, ingawa kukuomba upumzike ni kutwanga maji kwenye kinu. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila kiti cha ofisini kimenipa mgongo wa kizee. Usimwambie shangazi, atacheka mpaka akohoe.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya kuhesabu mashamba ya watu bila kushika jembe. Wenzangu huwahoji wakulima, wanarudi na fomu, nami napanga majibu ili tujue kilimo kipi kinamlipa mkulima bila kuichosha ardhi. Fomu hazina majina, zina namba tu. Ripoti yetu ndiyo watakayoifuata mabwana shamba wakiwashauri wakulima.

Kabla ya kupiga hesabu, nafuta majibu yasiyoaminika. Namba arobaini na moja alidai ekari moja ya mahindi na kunde, kwa samadi tupu, imempa magunia kumi na nane. Ebo! Nikaandika pembeni kwamba huyu anatia chumvi, nikamfuta. Nikafuta na wengine wanne wa aina yake. Basi ripoti ikasema kuchanganya mazao hakulipi.

Jumatatu mkuu wangu aliniagiza nizipitie tena fomu kabla ripoti haijachapwa. Nyuma ya namba arobaini na moja mwenzangu alikuwa ameandika maneno ya mkulima: kwamba hachomi mabua, anayatandaza shambani, kwa sababu udongo haulali uchi.

Mama, hapo nikajua ni wewe. Nani mwingine duniani anasema hivyo? Mabua hayo nimeyabeba kichwani nikinung'unika. Magunia hayo yamenisomesha, na sikuwahi hata kukuuliza ni mangapi. Halafu nimekaa kitini nikamwita mama yangu mwongo. Nisamehe, mama.

Nimekiri kwa mkuu. Hakunigombeza. Alisema ripoti itasubiri, nichukue mizani nikapime mavuno ya mashamba yote matano mwenyewe. Nitafika Alhamisi ijayo. Tafadhali usivune kabla sijaja, hata majirani wakikusema. Nitakuuliza maswali yote upya, nawe unijibu kama humjui anayeuliza.

Nisalimie kaka na watoto wake, na shangazi pia. Mabua ya mwaka huu asiyaguse mtu, nitayabeba mimi.

Ni mimi,
kitindamimba wako