Ukungu Kwenye Geji za Boksibodi

Jumatatu, 2 Februari 1953

Mvua usiku kucha. Asubuhi nimefungua mlango wa boksibodi, gari la misheni — geji zote tatu zimejaa ukungu! Ya mafuta, ya joto la maji, ya spidi. Siyo juu ya kioo, ni ndani yake. Matone yametulia humo kana kwamba yamepanga chumba. Unafuta, unafuta, wapi!

Mzee Idrissa dereva akaja. Shikamoo, marahaba. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa dashibodi, akasema haoni kitu. Nikamwambia hata mimi sioni. Akafurahi! Mtu anafurahia geji mbovu, ya leo kali.

Padre akapita na kikombe chake cha kahawa. Kasema Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe kumi na mbili, tunapeleka manesi wawili na akina mama watano wa kwaya kufungua zahanati mpya chini ya mlima Sekenke. Geji ziwe zinasomeka. Dereva asiyejua maji yamechemka au la hatateremka mlima ule na watu wake. Kisha akaniuliza kazi ya fundi ni nini hapa misheni. Nikajibu ndiyo, Padre. Gari lilifika hapa Mungaa kabla ya vita, raba zake zote zimekauka, lakini mbaya ni fundi.

Jumanne, 3 Februari

Nimepata dawa. Nta! Laurian mrina asali kanipa donge kubwa kama ngumi. Nimeliyeyusha kwenye kopo, nimepaka kuzunguka kila kioo, mara mbili. Sasa mvua inyeshe itakavyo.

Nimejisifu kwa mke wangu Selina jioni nzima. Alikuwa anachambua mboga, sidhani kama alisikia.

Jumatano, 4 Februari

Aibu tupu. Jua limetoka saa nne, na ndani ya vioo jasho linatiririka. Nta haikuyazuia maji kuingia, imeyazuia kutoka! Nimefunika chungu chenye mvuke. Haraka haraka haina baraka, na mimi mama alinitahadharisha tangu utotoni.

Mzee Idrissa kacheka mpaka kakohoa. Kasema vitani Burma walikuwa wanakausha kwanza ndipo wanaziba. Nikamuuliza mbona hakuniambia jana. Kasema sikumuuliza.

Alhamisi, 5 Februari

Nimekwangua nta yote, nimezitoa geji. Nizikaushe wapi? Nyumba imelowa, kuni zimelowa, hata kitabu hiki kurasa zinashikana. Mahali pakavu Mungaa yote ni kihenge cha Selina tu. Uwele wa mwaka jana, mkavu, ukiushika unateleza.

Sasa kwetu kihenge ni cha mke. Mume anakula kilichotoka humo, mkono wake hauingii. Lakini Selina alikuwa mazoezi ya kwaya. Nimezifunga geji kwenye kitambaa, nimezizika mpaka kwenye kiwiko, nikasawazisha juu kwa kiganja. Mungu kaniona, wengine hapana.

Jumamosi, 7 Februari

Ugali unanuka grisi.

Selina kaonja, kaweka tonge chini, kaniangalia. Halafu kanisema kwa Kinyaturu chote alichozaliwa nacho, mpaka jirani kaja kuuliza kuna msiba gani. Nikamweleza geji ni za gari la misheni, na gari ndilo litakalomteremsha yeye mwenyewe Sekenke Alhamisi. Kasema Mungu atanisamehe upesi, yeye bado. Lakini hakuzitoa! Kaniacha nizimalizie siku.

Jumapili, 8 Februari

Baada ya misa nimezifukua. Kavu! Vioo vinang'aa. Nimekata pete za mpira kutoka kwenye tyubu kuukuu, nimebana, nimerudisha. Nimesimama mlangoni mwa gari, hatua mbili, mishale yote mitatu naiona.

Leo nimelala mchana kama mtu mwenye cheo.

Jumatatu, 9 Februari

Mzee Idrissa kaketi kwenye usukani, kainama, katoa kitambaa chake cha bluu, kafuta. Kasema ukungu bado.

Nimekasirika, siwezi kuficha. Siku saba! Nta, kihenge, matusi ya mke — bado? Nikaingiza kichwa nitazame. Kioo kikavu kabisa. Nikamwambia mbona mimi naona, Mzee. Kasema asubuhi ulikuwepo, sasa labda umekauka. Lakini jioni kasema tena.

Jumanne, 10 Februari

Nilidhani labda pete ya geji ya joto ndiyo mbaya. Nikatoa kioo chake nikate pete nyingine. Kabla sijakata, Padre kaita — saruji imefika Ikungi, twende sasa hivi. Kioo nikakitia mfukoni. Tukaondoka geji ikiwa wazi.

Njiani Mzee katoa kitambaa. Akafuta geji ya joto. Kitambaa kiligusa mshale wenyewe, ukaruka mpaka mwisho ukarudi. Akasema, "Ukungu wa leo mzito, mwanangu."

Kioo kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikishika huko huko kwa nje ya suruali.

Sasa nakumbuka mengi. Mwaka mzima ananiuliza, nani yule anakuja mbele? Ng'ombe hao wangapi? Nilidhani ni mazungumzo ya safari! Kumbe nilikuwa namsomea barabara. Tulipofika Ikungi nikamtazama juani. Jicho la kulia lina weupe katikati, la kushoto limeanza. Mtoto wa jicho. Anaendesha kwa kukumbuka — kila kona kutoka hapa mpaka Shelui, chini ya Sekenke, iko kichwani mwake, na injini anaisoma kwa masikio.

Lakini mvua hizi zimekata ukingo wa Sekenke mahali pawili, wamesema watu wa posta. Barabara iliyo kichwani mwake siyo iliyopo.

Jumatano, 11 Februari

Sijala.

Nimekwenda hadi mlangoni kwa Padre mara mbili, nimerudi mara mbili. Nikisema, Mzee anafukuzwa leo leo. Ana wajukuu wanne, watoto wa marehemu binti yake Dina, hawana mwingine. Na huyu ndiye aliyenifundisha gari! Mwaka ule nilipounguza klachi, alimwambia Padre ni mguu wake. Mshahara wake ndio ulikatwa. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja.

Kuendesha mimi mwenyewe? Najua, hata mlima najua. Lakini leseni sina, mtihani wangu wa polisi umesogezwa hadi Aprili. Kukamatwa ni jela.

Nimemwambia Selina. Nilitegemea aseme hatakwenda. Kasema atapanda, maana wenzake sita watapanda, na nikikaa kimya nijue aliyewapakia ni mimi. Kisha kaenda kupiga pasi sare ya kwaya.

Namwonea huruma Mzee mpaka nashindwa kukaa. Namwogopea Selina zaidi. Yote mawili ni kweli.

Alhamisi, 12 Februari. Misigiri, saa nane mchana

Naandikia juu ya boneti, injini inapoa.

Tumeondoka alfajiri. Mpaka Singida mjini salama, akina mama wanaimba. Baada ya Singida nimepiga kelele mara mbili. Ya kwanza, mkokoteni wa ng'ombe — nimeshika usukani mwenyewe! Ya pili, mama na mtungi. Mzee kasema jua linamchoma machoni. Hakukuwa na jua. Nyuma waliacha kuimba.

Hapa Misigiri tumesimama kujaza maji. Mbele ndiyo Sekenke.

Kwetu mkubwa haambiwi usoni. Marehemu baba akikosea, mama alikuwa anamwambia ng'ombe, baba akiwa zizini anasikia. Mimi ng'ombe sina. Mzee alikuwa amesimama kando ya rejeta, mimi namimina maji. Nikaliambia gari.

Nikasema, "Wewe gari, mimi ni mtoto wako, nisamehe. Geji zako ni safi tangu Jumapili. Jumanne geji moja haikuwa na kioo kabisa, na bado ikafutwa. Leo umebeba watu saba, mmoja ni mke wangu. Mlima umekatika. Mimi nakuheshimu, gari. Nilipounguza klachi ulinificha. Sijui nikufiche vipi na mimi."

Maji yalijaa yakamwagika miguuni, sikuona. Mzee alishika boneti, ikiwa ya moto vile, hakuutoa mkono. Halafu akasema wakati wa adhuhuri unapita, akachukua birika, akaenda nyuma ya duka kuswali.

Amekaa huko muda mrefu. Akina mama wanakula viazi. Nesi Leah kaniuliza mara mbili tunaondoka saa ngapi, nikasema Mzee akimaliza. Selina hali kitu. Ananitazama tu.

Anakuja.

Anatembea mkono umeshika bodi la gari, polepole. Kafika mlango wa dereva. Kaufungua. Kaweka ufunguo juu ya kiti — kisha mlango kaufunga! Kazunguka mbele yangu, kanipita karibu kabisa, uso umelowa, sijui ni maji ya udhu. Kafungua mlango wa kushoto, kaketi mahali pangu, kaweka kofia magotini.

Akina mama wamepanda wote. Kuna askari wa barabarani mbele ya duka, anakunywa chai, ametutazama mara moja.

Mzee ameniita, taratibu, kwa jina tu — "Urbano." Leseni pekee iliyomo ndani ya gari hili imekaa upande wa kushoto, na saba nyuma wananingoja mimi. Nafunga kitabu, naenda kuuchukua ufunguo.