Jedwali la Nne

Hawassa, 6 Februari

Mama Mdogo Woinshet,
Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko Addis? Sisi wazima, ila jarida limeikataa tena makala yangu ya mnyauko wa migomba ya ensete. Mhakiki kaandika: "Sielewi mtafiti aligundua nini." Miaka mitatu nimeshinda shambani, yeye haelewi! Wewe ulihariri jarida mpaka ukastaafu. Nisomee, tafadhali.
Mwanao, Meklit

Addis Ababa, 19 Februari

Mwanangu Meklit,
Marahaba. Kifua kilikuwa kimetulia mpaka nilipofungua bahasha yako. Utangulizi kurasa kumi na moja! Umeanza na wafalme. Swali lako nimelikuta ukurasa wa tisa. Kwenye mbinu unasema visu "vilisafishwa". Kwa maji? Kwa sabuni? Kumbe kwa moto, nimekuja kuuona kwenye jedwali la nne!
Na jedwali lenyewe linasema migomba iliyopigwa dawa ilinyauka sawasawa na isiyopigwa. Iliyopona ni ile iliyokatwa kwa visu vya moto. Sasa mbona kichwa cha makala kinaisifu dawa? Nijibu hilo kwanza.
Mama yako mdogo, Woinshet

Hawassa, 27 Aprili

Mama Mdogo,
Shikamoo, na samahani kwa kimya. Dawa ni ya Daktari Zerihun, msimamizi wangu. Kaitengeneza mwenyewe, na jina lake limo kwenye makala. Niliweka ukweli ndani ya jedwali nikitumaini msomaji atauona mwenyewe. Wewe una raha, umestaafu! Mimi mkataba wangu uko mikononi mwake. Na mama kijijini bado anainyunyiza dawa hiyo, migomba inakufa, namwambia avute subira. Nimechoka, hata na wewe.
Meklit

Addis Ababa, 4 Mei

Meklit,
Hujambo? Choka, lakini andika. Uliuliza nini, ulifanyaje, ukapata nini, maana yake nini. Kama huwezi kumwambia mama yako hayo, bado hujaandika makala.
Mama yako mdogo

Hawassa, 30 Agosti

Mama Mdogo,
Shikamoo. Natumaini u mzima. Niliandika upya. Zerihun alisoma, akasema, "Futa jina langu." Mkataba haukuongezwa. Makala ina kurasa nane, na jarida limeikubali.
Jana nilimsomea mama muhtasari kwa Kisidama: dawa haizuii mnyauko, kupitisha kisu motoni kunaupunguza. Alinikodolea macho.
"Ni hilo tu?"
"Ndiyo, mama."
"Na muda wote huo ulikuwa unangoja nani akuruhusu kusema?"
Akachukua kisu chake, akaenda jikoni kukoleza moto.
Mwanao, Meklit