Kitambaa Nusu ya Mwanzi

Mtani wangu Maganga,

Najua ungependa nianze kwa tusi. Miaka yote nilikusalimu, "Umeamkaje, mbeba mizigo wa Tabora?" nawe ukanijibu, "Salama, mla nazi," ndipo kazi ikaanza. Leo sina tusi la kuanzia. Ni arobaini yako. Watu wamekula pilau, wamesoma dua, wametawanyika, nami nimekaa kwenye benchi letu hapa Keko, mbele ya nyumba yako, na penseli ya useremala. Kuna jambo nililifanya siku ya maziko yako, na nisipokueleza mwenyewe utaelezwa na wengine, nao watatia chumvi.

Nililia, Maganga. Mbele za watu.

Mfiwa akilia hakuna neno. Lakini mimi Mzaramo na wewe Mnyamwezi, tu watani, na mtani kazi yake msibani inajulikana. Anazuia jeneza njiani, anashuka kaburini na kudai ni pake, anamwigiza marehemu mpaka wenye msiba wacheke wasipotaka kucheka. Wewe ulimfanyia baba yangu hivyo. Ulijilaza kaburini mwake ukakoroma alivyokuwa akikoroma yeye, kwa miluzi, na mama yangu akacheka huku machozi yanamtoka. Mpaka leo anaitaja ile siku kwa furaha. Mimi kwako nilishindwa hata kukohoa.

Labda tungekuwa watani wa kawaida ningeweza. Ila sisi kifo tulikuwa tumekifanyia mchezo muda mrefu mno.

Unakumbuka mchezo ulivyoanza. Tulikuwa tumepeleka kabati mjini kwa mkokoteni, tukaiona bendera ya boma imeshushwa nusu ya mlingoti. Ukamwuliza askari nani amekufa. Akasema ni bwana mkubwa mmoja wa serikali, aliyestaafu akarudi kwao Ulaya. Ukatikisa kichwa na kusema, "Mie nilijua."

"Ulijuaje?"

"Nilimwona siku ile ya gwaride. Kola ilikuwa inampwaya. Mtu akishapwaywa na kola hana muda."

Nilicheka mpaka mkokoteni ukataka kunishinda mteremkoni. Kufika Keko nikakuambia, haya, kama wewe mjuzi, taja anayefuata. Ukamtaja. Nami nikamtaja wangu.

Masharti niliyaweka mimi, kwa kuwa wewe kwa masharti hufai. Jirani hatajwi, ndugu hatajwi, wala mgonjwa tuliyemwona kwa macho yetu, maana huo ungekuwa uchawi. Wanaotajwa ni wakubwa tu. Ukaniuliza mkubwa ni nani, nikakujibu kwa majivuno yangu yote: mkubwa ni yule ambaye bendera ikishushwa kwa ajili yake, mpita njia asiyemjua atasimama aulize nani amekufa. Ukaridhika. Anayepatia, mwenzake anamrandia mbao zake kutwa nzima. Na kila tukimtaja mtu tulisema "Mungu atusamehe" mara mbili, mara ya pili kwa tahadhari.

Orodha tuliiweka upande wa chini wa benchi, asipoinama mteja. Mimi niliandika majina. Wewe, ambaye herufi zilikukataa mapema, ulichora. Chifu wa bara ulimchorea viti vinane, kiti kwa kila mke. Ukampatia kweli, nami nikaranda mninga wako mpaka viganja vikatoka malengelenge, wewe umekaa pembeni unaniambia, "Taratibu, mla nazi, usiuumize ubao." Mimi nilimpatia tajiri mmoja wa mkonge. Ukaniambia nimebahatisha. Mwimbaji mmoja wa santuri ulimshikilia miaka mitatu, eti sauti inamtokea puani, pumzi hana. Nikupe habari yake: juzi nimesikia santuri yake mpya hotelini Buguruni. Pumzi anazo nyingi tu.

Lakini hakuna aliyenifurahisha kuliko liwali. Ulikuwa umemchora tumbo na fimbo, bila kichwa. Mara siku moja huyo anaingia kwetu, yeye mwenyewe, anataka kitanda cha samadari cha bintiye. Akaegemeza fimbo kwenye benchi, fimbo ikaanguka, ikaingia uvunguni. Akataka kuinama. Sijawahi kukuona mwepesi vile! Ulipiga magoti kabla hajakunja kiuno, ukaitoa fimbo, ukaifuta vumbi la mbao, na kwa kuwa huna haya ukamwuliza, "Shikamoo, Mheshimiwa. Kifua kikoje?"

"Marahaba. Kizima, alhamdulillahi."

"Na miguu? Haivimbi jioni?"

"Haivimbi."

Nikaona umeingiwa na huzuni. Liwali naye akaiona, akaielewa vingine. Akanigeukia: "Watu wote wananijia na shida zao. Huyu fundi wako ndiye wa kwanza mwaka huu kuniuliza hali yangu." Kesho yake akakuletea sahani ya halua. Tukaila yote. Nikakwambia basi mfute, mtu amekulisha. Ukalamba kidole ukasema, "Halua ni halua, mchezo ni mchezo." Bado yu hai. Leo ametuma salamu za rambirambi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ilikuwa baada ya wewe kurudi kutoka hospitali mara ya pili. Kikohozi chako tulikuwa tumelisingizia vumbi la mninga. Uliketi, ukaishika randa bila kuranda, ukasema, "Andika langu."

"Jina lako?"

"Mie. Kabla ya mfungo."

Nikacheka, nikadhani ni utani. Kisha nikaona hucheki, nikakasirika. Nikakwambia sharti linakataa, wewe ni mgonjwa ninayekuona kwa macho. Ukasema sharti la mgonjwa linamlinda asiyejua, na wewe unajua. Nikakwambia basi wewe si mkubwa. Nikayasema maneno haya, nayakumbuka moja moja: "Bendera ya nani itashushwa kwa Mnyamwezi anayechonga miguu ya vitanda?"

Uliingia chini ya benchi kwa shida, ukikohoa, ukachora. Sikuinama kutazama. Kwa wiki nzima hatukutaniana, tulisalimiana kwa adabu, na adabu baina yetu ilikuwa ugomvi. Wiki iliyofuata hukuja kazini. Nilikufuata ndani na machungwa, tukazungumza habari za gundi na bei ya misumari. Sikukuomba radhi. Nilidhani nikiomba radhi nitakuwa nimekubali kwamba unakufa.

Ukafa mwezi wa Rajabu. Mfungo haujafika.

Asubuhi ile watu walitaka mbao za kufunikia mwanandani. Nikazitoa zile zako za mninga, ulizoziweka kwa ajili ya kitanda chako mwenyewe ambacho kila mwaka ulisema utakitengeneza mwakani. Nikazikata kwa kipimo, nikaanza kuziranda. Waliokuja kuzichukua wakanishangaa, maana mbao za kaburini hazirandwi, zinakwenda kukaa na udongo. Mmoja akaniambia, "Fundi, maiti inangoja." Nikamwambia ingoje kidogo. Hawakujua kuwa nimeshindwa mchezo. Kutwa nzima sikuipata, nilipata nusu asubuhi, lakini niliziranda pande zote mbili mpaka ukipitisha kiganja hakikwami.

Makaburini nikawa sina nguvu tena. Nilisimama ukingoni nikijua zamu yangu imefika: nishuke, nijilaze, niulize yeyote kifua chake kikoje. Watu walinipisha kabisa, wakanitazama. Mkeo Tausi alisimulia baadaye kuwa nyumbani akina mama walitega masikio wasikie vicheko vya wanaume wakirudi. Mimi nilikaa chini mchangani nikalia kwa sauti. Mzee mmoja akauliza, "Huyu mtani au mfiwa?" Tangu siku ile sijaona raha. Niliona nimekuzika mkavu, bila mtu wa kukucheka, na la mwisho nililokuambia juu ya ukubwa wako lilikuwa lile.

Ndiyo maana leo, kabla watu hawajaja, nimekwenda kwenye mwanzi wetu. Unaujua, ule tunaopandisha kitambaa chekundu kitanda kikiwa tayari, wapitao barabara ya Temeke wakione. Nimekipandisha mpaka nusu, nikakifunga hapo. Tausi akatoka na sinia, akakitazama, akadhani kamba imekwama.

Hatukukaa sana. Akapita muuza maziwa wa kutoka Buguruni, mgeni kwetu, akashuka kwenye baiskeli.

"Jamani, kuna nini? Nani mkubwa amefariki?"

"Maganga," nikamwambia.

"Maganga yupi?"

"Fundi vitanda."

Akafikiri. "Mie simjui, ndugu yangu."

"Najua humjui. Ndiyo maana nimefurahi umeuliza."

Akanitazama, akamtazama Tausi. Hapo ndipo zamu yangu iliponijia, Maganga, imechelewa siku arobaini. Nikainamisha bega la kushoto unavyoinamisha wewe, nikamsogelea yule bwana wa watu, nikamwuliza kwa sauti yako, kwa huruma, "Na wewe je, kifua kikoje? Miguu haivimbi jioni?" Akarukia baiskeli, maziwa yanamwagika. Tausi akaweka sinia chini, akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akalia, kisha akacheka tena. Nami pia.

Watu walipoondoka nimeingia chini ya benchi. Ndiyo kwanza leo nimeiona picha yako. Umejichora mdogo kama kidole gumba, na kofia, basi, ila kofia umeifanya kubwa kuliko tumbo la liwali. Nimeweka alama ya kupatia pembeni yake.

Umeshinda kwa masharti yangu mwenyewe. Mbao zako nilikwisha kuziranda. Lala, mbeba mizigo wee, tua mzigo.

Mtani wako,
Mla nazi