Mama, Walikuhamisha kwa Sababu ya Maksai

Mpendwa mama,

Alizeti zimechanua kijijini kwetu, njia yote ya kwenda Issuna, na leo nimekukumbuka bila kulia.

Unakumbuka asubuhi ile mheshimiwa diwani alipokuja kituo cha polisi? Wewe ndiye uliyekuwa mkuu wa kituo, nami nilikuwa nimekuletea uji. Mpwa wake alikuwa mahabusu kwa kuiba maksai wa bibi Mwajuma, mjane asiye na kingine cha kulimia.

"Afande, yule kijana ni damu yangu," alisema akitabasamu. "Mtoe, mengine tutayamaliza nyumbani."

"Kama ni damu yako, mheshimiwa, mletee blanketi. Humo ndani kuna baridi. Kesho anakwenda mahakamani."

Akacheka. Wewe hukucheka. Kijana alifungwa, maksai wakarudi kwa bibi. Mvua zilipokatika ukahamishiwa mbali, bila kuambiwa kosa. Baba alifunga mizigo amevimba kwa hasira. Ukamwambia, "Ningemwachia yule, ningemtazamaje Mwajuma tukikutana mnadani?"

Yaliyofuata hukuyaona. Aliyeshika nafasi yako alipigiwa simu tu, mtu anatoka. Watu wakaacha kwenda kituoni. Wanaume wakalala zizini na mikuki, na mpita njia mmoja nusura auawe kwa mbuzi ambaye hakumwiba. Nilijiuliza msimamo wako ulisaidia nini.

Ulistaafu, ukarudi, tukakaa nawe vizuri mpaka Mungu alipokuchukua. Lakini mama, ungekuwepo kwenye mkutano wa kijiji miezi michache iliyopita! Mheshimiwa wa sasa alisimama akaomba rafiki yake, aliyelisha mifugo kwenye mashamba ya watu, aachiwe "kwa busara". Bibi Mwajuma akainuka na mgongo wake uliopinda.

"Tuachie polisi wetu, mwanangu. Tulikuwa na mmoja, mkamwondoa. Tuliobaki ndio tulioumia."

Wanawake wakapiga makofi, wazee wakafuata. Mkuu wa kituo, binti mdogo kuliko mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Kesi itakwenda mahakamani." Ikaenda. Binti huyo bado yupo kazini, na watu wameanza tena kupeleka malalamiko yao kituoni.

Nina amani, mama. Baba anakusalimu. Siku hizi anapika mwenyewe, ugali wake una mabuja ya unga mbichi, na hataki kusaidiwa. Tunakula hivyo hivyo, tunamsifia.

Pumzika salama.

Binti yako wa mwisho